Utani na Hongo: Maneno Mawili ya Njia ya Misafara katika Ugogo

Katika makala haya nakusudia kueleza maneno mawili ya Kiswahili, utani na hongo. Kila msemaji wa lugha yetu anayajua. Lakini maana anayoijua msemaji wa leo si ile waliyoijua watu wa njia ya misafara iliyopita Ugogo katika karne ya 19. Wakati huo hongo lilikuwa jina la ushuru uliotozwa na wenye nchi, na utani lilikuwa jina la mapatano baina ya kabila na kabila. Leo hongo ni rushwa, na utani, kwa watu wengi, ni mzaha tu. Nitajaribu kuonyesha jinsi maneno hayo yalivyobadilika. Kisha nitaeleza kwa nini badiliko la neno la pili si jambo la watunga kamusi peke yao, bali lagusa amani ya watu wanaokaa pamoja, na lataka kazi ya nchi zetu zote za Afrika ya Mashariki.

Njia na nchi iliyopitwa

Njia kuu ya misafara ilianza Bagamoyo, ikapita Mamboya na Mpwapwa, ikaingia Ugogo, ikaendelea mpaka Unyanyembe karibu na Tabora, na mwisho ikafika Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Burton na Speke walipita humo mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Lakini wenye njia hasa walikuwa wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, waliokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu muda mrefu kabla Mzungu wa kwanza hajaandika habari za safari hiyo.

Ugogo ilikuwa kama kisiwa baina ya mapori mawili. Upande wa mashariki, kati yake na Mpwapwa, palikuwa na pori ambalo wasafiri waliliita Marenga Mkali; upande wa magharibi palikuwa na lile lililoitwa Mgunda Mkali. Majina haya yafaa kutazamwa na mtu wa elimu ya lugha. Malenga katika Kigogo ni maji, na maana ya jina ni maji makali, yaani yenye chumvi. Mgunda ni neno la shamba katika lugha nyingi za bara. Basi nusu ya kila jina imetoka katika lugha za bara, na nusu ni Kiswahili. Tena katika jina la kwanza upatanisho wa sarufi haukufuatwa, maana kwa kanuni ingepasa kusemwa Marenga Makali. Hiyo ni alama ya lugha ya njiani, iliyosemwa na watu wa makabila mengi ambao si wote waliozaliwa nayo. Kiswahili kilipanda bara namna hiyo, vichwani mwa wapagazi, kabla ya kupanda katika vitabu.

Mvua ya Ugogo ni chache, nayo hunyesha kwa msimu mmoja tu, tangu mwezi wa Desemba mpaka Aprili. Msafara uliotoka katika pori ulifika ukiwa na kiu na njaa, na watu wake waliweza kuhesabika kwa mamia. Maji ya visima na chakula kilichokuwa ghalani vilikuwa mali ya wenyeji, na wenyeji hao walikuwa na watemi wao, ambao walikuwa wenye mvua na wenye ardhi. Hapa ndipo maneno yetu mawili yalipokutana. Mgeni aliyepita katika nchi isiyo yake alikuwa na njia mbili za kupata haki ya kupita: alipe, au awe jamaa. Kulipa kuliitwa hongo. Namna mojawapo ya kuwa jamaa iliitwa utani.

Hongo: neno lililobaki bila mwenyewe

Hongo ililipwa kwa nguo, hasa merikani na kaniki, na kwa shanga na waya. Ilijadiliwa waziwazi baina ya mtemi au wajumbe wake na mkuu wa msafara, na mara nyingi mjadala ulichukua siku kadhaa. Ilipokwisha kulipwa, msafara ulipata ruhusa ya kuteka maji, kununua nafaka na kuendelea na safari. Wasafiri wa Kizungu waliilalamikia sana katika vitabu vyao, wakaieleza kuwa ni unyang'anyi. Hapana shaka wako watemi waliotoza kupita kiasi, na mara nyingine ugomvi ulitokea na damu ikamwagika. Lakini msomaji akikumbuka uchache wa maji yale, ataona kwamba aliyetoza alikuwa akilinda kitu ambacho bila hicho watu wake wasingefika mvua za mwaka uliofuata.

Mwaka 1889 Wajerumani walijenga boma Mpwapwa, na baadaye wakawa na boma jingine Kilimatinde, magharibi ya Ugogo. Haki ya watemi ya kutoza wapitao ikaondoka. Mwaka 1910 reli ya kati ilifika Dodoma, na njia ya miguu ikafa. Lakini neno hongo halikufa. Lilibaki katika Kiswahili, nalo, kwa maoni yangu, lilibaki kama nyumba iliyokimbiwa na mwenyewe. Malipo yalikuwapo, mtu wa kuyadai alikuwapo, lakini haki ya kuyadai haikuwapo tena. Na malipo anayodai mtu asiye na haki nayo ndiyo tuitayo rushwa. Umbo la neno halikubadilika hata kidogo: ngeli ni ile ile, na kitenzi honga ni kile kile. Kilichoondoka ni desturi iliyolibeba.

Nimeanza na hongo kwa sababu mwendo wake ni rahisi kuufuata, nao umekwisha. Utani bado u njiani.

Utani: ushahidi wa sarufi

Kiswahili kina maneno mengi ya kuchekesha na kucheka. Mzaha, masihara na dhihaka yote yana asili ya Kiarabu. Utani ni neno la Kibantu, nalo lina tabia yake katika sarufi. Mzaha ni jina la tendo: mtu hufanya mzaha, na anaweza kuufanya mbele ya yeyote. Utani hutoka kwa mtu. Kwanza yuko mtani, kisha ndipo uko utani, kama vile kwanza yuko ndugu ndipo uko udugu, na yuko jirani ndipo uko ujirani. Husemwa mtani wangu, watani wetu, watani wa Wahehe; daima mtani ni mtani wa fulani. Kitenzi chake nacho, katika matumizi ya asili, huhitaji mtendwa au mwenzi: anamtania, wanataniana. Kiambishi hicho cha -ana kina maana kubwa katika jambo hili, kwa kuwa utani usiorudishwa si utani.

Sasa tusikilize lugha ya mjini leo. Unatania? Natania tu. Hapa kitenzi kimepoteza mtendwa wake. Tendo ambalo zamani halikuwezekana bila mtu wa pili aliyejulikana kwa jina la kabila au ukoo wake, sasa lawezekana kwa mtu mmoja peke yake. Vivyo hivyo twasikia magazeti yakiita vilabu vya mpira vya Yanga, ulioanzishwa mwaka 1935, na Simba, ulioanzishwa mwaka 1936, kuwa ni watani wa jadi. Maana ya msemo huo ni wapinzani wa siku nyingi. Upinzani umebaki, na kutaniana kumebaki. Lakini hakuna atakayesema kwamba mshabiki wa klabu moja ana wajibu wa kumzika mshabiki wa klabu ya pili. Na wajibu wa namna hiyo, kama nitakavyoonyesha, ndio uliokuwa moyo wa neno.

Desturi yenyewe

Wataalamu walianza kuandika juu ya utani wa nchi yetu kabla ya uhuru. Wa kwanza kuueleza kwa mapana alikuwa R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha Amani; makala zake zilitoka mwaka 1941 na 1944. Wakati huo huo, mwaka 1940, Radcliffe-Brown alitoa nadharia yake kwamba uhusiano wa namna hii huunganisha urafiki na uadui katika jambo moja, ili watu ambao wana sababu ya kutengana na pia sababu ya kuungana waweze kukaa pamoja. Baadaye Christensen aliandika juu ya Waluguru mwaka 1963, Beidelman juu ya Wakaguru mwaka 1966, na Rigby juu ya Wagogo wenyewe mwaka 1968. Katika miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alihariri mkusanyiko wa juzuu saba juu ya utani katika makabila ya Tanzania.

Katika kazi hizo twaona kwamba utani una ngazi zake. Uko utani wa ndani ya jamaa: babu humwita mjukuu wake wa kike mke wake, na watoto wa mtu na dada yake hutaniana maisha yao yote. Uko utani wa ukoo na ukoo. Na uko utani wa kabila na kabila. Yaelekea kwamba huu wa mwisho ni ule wa kwanza uliopanuliwa, yaani mgeni hupewa nafasi ya binamu. Ndiyo maana matusi ya watani hufanana na yale ya mabinamu, na ndiyo maana mtani ana haki ya kuingia nyumbani na kuchukua kuku au chakula bila ya kushtakiwa.

Asili ya utani wa makabila, kwa masimulizi ya wenyewe, ni mbili: safari na vita. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ni mfano mashuhuri wa ule wa safari. Mpagazi aliyefika pwani, mbali na kwao, alihitaji mtu wa kumpokea, kumuuguza, na akifa, kumzika. Utani wa Wagogo na Wahehe ni mfano wa ule wa vita. Katika karne ya 19 Wahehe, chini ya Munyigumba na baadaye chini ya mwanawe Mkwawa, waliishambulia Ugogo mara nyingi na kuteka ng'ombe. Wajukuu wa wale waliotekana mali ndio leo wanaochekana. Mwenye kusikia maneno yao bila kujua habari hii atadhani kwamba ni uadui uliobaki, lakini sivyo. Ni uadui uliofungwa kwa mapatano, kama moto unavyofungwa ndani ya mafiga upate kupikia.

Yafaa kukumbuka pia kwamba Wagogo hawakutoka mahali pamoja. Mathias Mnyampala, mshairi na mwanahistoria aliyezaliwa Ugogo mwaka 1917, aliandika katika kitabu chake, Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kilichotolewa mwaka 1954, jinsi koo za Wagogo zilivyofika kutoka pande mbalimbali. Rigby aliona hivyo hivyo. Koo nyingi huhesabu asili yao kwa Wahehe, kwa Wakaguru, kwa Wanyamwezi na kwa majirani wengine. Basi mtani wa nje mara nyingi alikuwa na damu ya ndani.

Masharti manne

Nikikusanya yaliyoandikwa, naona kwamba utani wa makabila ulisimama juu ya masharti manne. La kwanza, ulirithiwa: mtu hakuchagua mtani wake, wala hakuweza kumkataa. La pili, ulikuwa wa pande zote mbili, na aliyetaniwa leo alikuwa na haki ya kutania kesho. La tatu, ulikataza hasira: aliyekasirika mbele ya mtani wake alionekana mpumbavu, na huenda akatozwa faini. La nne, uliambatana na wajibu. Kwa Waluguru mtani alikuwa na kazi maalumu katika mazishi. Kwa Wakaguru watani walihusika na kuwatakasa watu katika mambo ya kifo. Mtani huyo huyo aliyemtukana marehemu mbele ya wafiwa, akaiga mwendo wake na kudai zawadi, ndiye aliyeshika kazi ambazo wafiwa wenyewe hawakuweza kuzifanya kwa uchungu au kwa mwiko.

Katika masharti hayo manne, la tatu na la nne hutegemeana. Sababu ya kutokasirika ni kwamba mwenye kunitukana ndiye atakayenizika. Ukiondoa wajibu, sababu ya uvumilivu imeondoka, na yaliyobaki ni tusi. Hapa ndipo mwendo wa neno utani unapofanana na ule wa neno hongo. Hongo iliyopoteza haki iligeuka rushwa. Utani unaopoteza wajibu unageuka kejeli, na mwenye kukejeli hujikinga kwa jina la utani, kama vile mla rushwa alivyojikinga zamani kwa jina la ushuru.

Mfano ulio karibu nasi

Jambo hili si la nadharia katika nchi ya Dodoma. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa. Mwaka 2016 Serikali ilianza kuhamia kwa kasi. Na mwaka 2018 Dodoma ilitangazwa kuwa jiji. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 jiji hilo lilikuwa na watu zaidi ya 765,000. Wengi wao wametoka kila pembe ya nchi. Ugogo imekuwa tena njia panda, na safari hii wageni hawapiti, wanakaa.

Wageni hao hukuta maneno ya kale juu ya Wagogo, hasa lile la kuwaita ombaomba. Mhehe akilisema kwa Mgogo, hujibiwa mara moja kwa habari ya mbwa, na wote wawili hucheka, kwa kuwa kila mmoja ana silaha na kila mmoja ana deni. Lakini likisemwa na mtu ambaye kabila lake halina utani na Wagogo, kwa kijana aliyekuja kuuza karanga au kutafuta kibarua, hakuna jibu lililoandaliwa na mababu, wala hakuna wajibu nyuma yake. Msemaji ataongeza kwamba anatania tu. Kwa sarufi ya mjini amesema kweli. Kwa desturi ya nchi hajatania, ametukana.

Na neno lenyewe lina historia ambayo asiye mtani haijui. Katika Vita Kuu ya kwanza majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza walioiteka Kondoa na Dodoma mwaka 1916, yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa Ugogo kwa upagazi. Mvua zilipokosekana, ghala zilikuwa tupu na mikono ya kulima ilikuwa mbali. Njaa iliyofuata, tangu 1917 mpaka 1920, inakumbukwa kwa jina la Mtunya, na mwanahistoria Gregory Maddox ameieleza kwa urefu katika makala yake ya mwaka 1990. Watu walikufa kwa maelfu, na waliobaki walitawanyika kutafuta chakula kwa jirani. Si ajabu kwamba katika nchi yenye mvua chache, kwenda kuomba kwa jamaa na watani wakati wa njaa kulikuwa ni desturi yenye heshima. Mwombaji wa mwaka huu alikuwa mtoaji wa mwaka ujao. Desturi hiyo ikitazamwa kwa jicho la mtu asiyekuwamo katika mapatano, huonekana kuwa ni tabia ya kuomba. Basi kejeli ya leo imechukua sehemu moja ya utani, yaani haki ya kuomba, ikaifanya aibu.

Mipaka ya hoja

Sitaki msomaji adhani kwamba nausifu utani kupita kiasi. Haukuzuia vita vya njiani, wala haukuwahusu watu wote. Maneno na matendo yaliyoruhusiwa mara nyingine yaliwaumiza wanawake, na hakuna mtu wa leo atakayetaka kuyarudisha yote. Tena ni rahisi kusema kwamba Tanzania imekaa kwa amani kwa sababu ya utani. Lakini amani hiyo ina sababu nyingi, na Kiswahili chenyewe ni mojawapo, na si rahisi kuipima kila sababu peke yake.

Uko mfano mzito zaidi. Katika Rwanda ya zamani baadhi ya koo, kama Abazigaba, Abagesera na Abasinga, zilikuwa na kazi ya kuwa abase wa koo nyingine, yaani washirika wa mila, kwa mfano katika kufungua makazi mapya. Na koo hizo zilikuwa na Wahutu, Watutsi na Watwa ndani yake. Mapatano hayo hayakuzuia mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Siasa ya ukabila, iliyojengwa tangu wakati wa ukoloni, ilikuwa na nguvu kuliko ukoo. Mfano huu watufundisha kwamba desturi ya amani iliyobaki jina bila kazi haiwezi kusimama mbele ya watu waliopanga uovu. Lakini hautufundishi kwamba desturi haina thamani. Unatufundisha kuuliza ni lini, na kwa sababu gani, wajibu ulipoondoka, na nani alifaidika kwa kuondoka kwake.

Kazi ya pamoja

Swali hilo haliwezi kujibiwa na nchi moja. Njia ya misafara haikuishia Kigoma. Ilivuka ziwa mpaka Kongo ya mashariki. Desturi za namna ya utani ziko Zambia, ambako Wabemba na Wangoni, waliopigana katika karne ya 19, leo hutaniana. Wangoni hao wana jamaa zao Songea. Mwenye kusoma utani wa upande mmoja wa mpaka husoma nusu ya kitabu.

Tena kushirikiana katika mambo ya lugha si jambo geni kwetu. Kamati ya Lugha ya nchi nne, yaani Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, ilianzishwa mwaka 1930, na kutoka katika kamati hiyo ndiyo ilitokea taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam mwaka 1964. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini mwaka 1999, katika kifungu chake cha 119 unazitaka nchi wanachama zishirikiane katika utamaduni, pamoja na kuendeleza lugha za wenyeji. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilianza kazi Unguja mwaka 2015. Tamasha la sanaa na utamaduni la Jumuiya limefanyika Kigali mwaka 2013, Nairobi 2015, Kampala 2017 na Dar es Salaam 2019. Vyombo tunavyo. Ila hatari ya tamasha ni kuonyesha ngoma na mavazi na kuacha nyumbani yale yasiyoonyeshwa jukwaani. Na wajibu wa kumzika jirani hauonyeshwi jukwaani.

Nje ya kanda yetu mfano upo. Mwaka 2014 utani wa Niger uliandikwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa mujibu wa Mkataba wa mwaka 2003. Kenya iliuridhia mkataba huo mwaka 2007, Uganda mwaka 2009, na Tanzania mwaka 2011. Nchi mbili zaweza kupeleka jambo moja kwa pamoja, kama Kongo zote mbili zilivyofanya kwa rumba mwaka 2021. Na katika orodha ya awali ya urithi wa dunia Tanzania iliweka, mwaka 2006, njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, pamoja na vituo vyake vya Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Hayo ni majengo na mahali. Lakini njia haikuwa mawe tu. Ilikuwa pia maneno ambayo kwayo mgeni alipata maji, na hayo hayahifadhiwi kwa kupiga uzio.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, yote yakiwa katika uwezo wa vyuo vyetu.

Kwanza, zikusanywe istilahi za utani katika lugha za wenyewe, si katika Kiswahili peke yake. Neno utani limeenea hata likafunika majina mengine, na katika kila lugha iko haja ya kuandika jina la mtani, kitenzi chake, matusi yaliyoruhusiwa na yaliyokatazwa, na hasa majina ya wajibu na ya malipo yake. Wazee waliozika na kuzikwa na watani wanapungua, na sauti zao zirekodiwe katika Kigogo, Kihehe, Kinyamwezi na Kikaguru kabla hatujabaki na tafsiri tu.

Pili, juzuu za miaka ya 1970 zirudiwe: wachunguzi waende tena katika sehemu zile zile na kuuliza maswali yale yale, ili tujue baada ya miaka hamsini ni sharti gani kati ya yale manne limebaki na lipi limeondoka. Kazi hiyo ifanywe pamoja na wenzetu wa Zambia, Kongo, Burundi na Rwanda, kwa orodha moja ya maswali, ili majibu yaweze kulinganishwa.

Tatu, kamusi zetu ziandike maana ya neno kwa ukamilifu wake. Maana ya mzaha isiondolewe, kwa kuwa ndiyo inayotumika. Lakini maana ya mapatano yenye wajibu itangulizwe, na mifano ya sentensi itoke katika mazishi na njaa, si katika mpira tu. Mwanafunzi wa Dodoma, awe ametoka Kagera au Mtwara, akilitafuta neno hili, ajue kwamba mbele ya kumtania mtu hana budi kujiuliza kama yuko tayari kumchimbia kaburi.